Macho Yatue Kifuani, Lakini Yasikitazame Kifua

Swali la juma alilotuuliza mhariri lilikuwa fupi: unapopambana na mwenzako mazoezini, macho yako unayaweka wapi? Najibu nikiwa mwanafunzi wa karate kwa miaka 11 sasa katika ukumbi mmoja wa kijamii huku Eastlands, Nairobi, na kwa miaka miwili kati ya hiyo nilikuwa pia nikifanya mazoezi na wanandondi jioni za Alhamisi, kwa hiyo nimepigwa kwa mitindo miwili. Jibu langu ni kwamba macho yatue juu ya kifua, chini kidogo ya koo, pale mitulinga miwili inapokaribiana, na yakishatua yasipatazame. Nusu hiyo ya pili ndiyo iliyonichukua miaka kuielewa.

Kwanza niseme macho ya mwanafunzi mpya huenda wapi yenyewe kabla hajafundishwa. Huku kwetu mtoto aliyelelewa vizuri hamkodolei mkubwa wake macho; akisemeshwa, huinamisha uso, na adabu hiyo humfuata mtu hadi ukumbini. Jioni yangu ya kwanza ya kupambana nilisimamishwa mbele ya mama mmoja mwenye mkanda wa kahawia, mtu wa rika la mama yangu mdogo, na bila kukusudia nikayashusha macho hadi kwenye vidole vya miguu yake. Mwalimu alisimamisha pambano akaniuliza, "Dada, umeangusha shilingi?" Ukumbi ulicheka. Nikayainua macho, lakini kwa kuwa bado niliona haya kumtazama usoni, nikayapeleka kwenye ngumi zake, na hapo ndipo taabu ilipoanza. Ngumi yake ya kushoto ilikuwa ikichezacheza hewani kama ya mtu anayefukuza nzi, nami nikaifuata huku na huku, hata mguu wake wa kulia ukanifikia ubavuni, si kwa nguvu, lakini kwa mlio ambao kila mtu aliusikia.

Kosa lile lina sababu yake ndani ya jicho lenyewe. Sehemu ya jicho inayoona kwa ukali ni ndogo mno. Nyosha mkono mbele yako, uinue kidole gumba: upana wake ni kama nyuzi 2 za pembe, na eneo ambalo waweza kulisomea herufi ndogo za gazeti halizidi hapo sana. Mtu akisimama mita 2 mbele yako, nyuzi hizo 2 ni sentimita 7 hivi mwilini mwake. Hata ngumi moja iliyokunjwa haienei humo. Anayetazama ngumi, basi, amechagua silaha moja kati ya nne. Akitaka kuihama aende kwenye nyingine, jicho halitelezi taratibu bali huruka, na wakati wa mruko huo ubongo huizima picha, ingawa mwenye jicho hatambui kwamba kwa kitambo hicho alikuwa kama kipofu. Isitoshe, tangu jambo litokee hadi jicho lianze kulirukia hupita takriban moja ya tano ya sekunde. Kwa mpigaji mwepesi aliye karibu, muda huo unamtosha na kumbakia.

Sehemu nyingine ya jicho, ile inayoona kwa pembeni, haiwezi kusoma gazeti, lakini ni hodari wa kushtukia mwendo, na macho mawili pamoja huchukua karibu nyuzi 180 au zaidi kutoka kushoto hadi kulia. Anayepita soko la Gikomba asubuhi mitumba inapofunguliwa anaijua kazi ya sehemu hiyo. Hatazami mkokoteni mmoja mmoja. Hutazama mbele tu, na mkokoteni unaochomoza upande wa kulia humfanya ajipinde kabla hajajua kama umebeba viazi au nguo. Anayesimama kuangalia kila kitu ndiye anayegongwa.

Wajapani, ambao ndio waliotuletea karate kutoka visiwa vya Okinawa, wana jina la utazamaji huu katika mchezo wao wa upanga, kendo: enzan no metsuke, yaani kutazama kama mtu atazamaye mlima wa mbali. Miyamoto Musashi, mpiganaji wa upanga aliyefariki mwaka 1645, alitenganisha kuona kwa aina mbili, kule kwa jicho tupu na kule kwa utambuzi, akataka kuona kwa utambuzi kuwe na nguvu na kuona kwa jicho kuwe dhaifu, na mtu aweze kuona pande zote mbili bila kuzungusha mboni. Nilipoambiwa hayo mara ya kwanza niliyaona kama mafumbo ya wazee. Niliyaelewa juu ya dari ya nyumba tunayopanga, nilipopanda asubuhi moja kuanua nguo. Kulikuwa kumetakata, vilima vya Ngong vikaonekana kule magharibi, nami nikasimama kuvitazama huku kamba tatu za nguo zikiwa kati yangu navyo. Shuka ya jirani ilipopigwa na upepo upande wa kushoto niliiona, na soksi moja ilipoponyoka kibanio upande wa kulia niliiona pia, ilhali sikuwa nimeacha kuvitazama vilima. Tangu siku hiyo nimekuwa nikifanya zoezi hilo dakika tano tano, na ninawaagiza wenzangu walifanye, ingawa baadhi yao wanadhani ninawatania.

Somo lililobaki nilifundishwa na miwani. Mimi sioni mbali vizuri, na katika ukumbi wetu hakuna anayeruhusiwa kupambana na vioo usoni. Kwa muda mrefu nililalamika kwamba ninapigwa kwa sababu sioni. Kisha nikaazima lenzi za kuvaa ndani ya jicho kwa fedha ambayo ningeweza kulipia kodi ya nusu mwezi (nasema nikaazima kwa sababu fedha ilikuwa ya dada yangu), nikaingia uwanjani nikiona hadi mshono wa glavu. Wiki hizo mbili nilipigwa kuliko wakati mwingine wowote. Kila kitu kilikuwa wazi kiasi kwamba kila kitu kilinivuta. Nilipozivua nikarudia ukungu wangu, mwili wa mpinzani ulirudi kuwa umbo moja linalosogea, na sikuhitaji kujua zaidi ya hapo. Simshauri mtu apuuze macho mabovu. Nasema tu kwamba ukali wa kuona na kuona pigo linakuja ni mambo mawili.

Sasa, kwa nini kifua cha juu na si mahali pengine? Kwa sababu pigo halianzii kwenye ngumi. Konde la kunyooka huanza kwa bega kusogea mbele au kuinuka. Konde la kuzungusha huanza kwa kiwiko kufunguka kutoka ubavuni. Teke huanza kwa nyonga kugeuka, na kwa kawaida bega la upande wa pili hulegea au mwili huegemea nyuma kabla unyayo haujaacha sakafu. Mambo yote haya hutokea kuzunguka kifua, kila moja likiwa umbali mdogo kutoka pale macho yalipotua, na hutokea mapema kuliko ngumi au mguu wenyewe. Kocha wa ndondi, aliyezoea kutufundisha akiwa amesimama chini ya picha ya Robert Wangila aliyeshinda dhahabu ya Olimpiki kule Seoul mwaka 1988, alikuwa akitufunga mikono kwa nyuma na kumwambia mwenzetu arushe makonde polepole, nasi tutaje tu "kushoto" au "kulia" kabla glavu haijatembea. Aliyetazama glavu alichelewa kila mara. Aliyetuliza macho kifuani alianza kupatia mnamo dakika ya pili au ya tatu, na hakuweza kueleza amejuaje.

Wapo wanaosema macho ya mpinzani ndiyo dirisha la nia yake, na nakiri kwamba hofu na uchovu huonekana humo. Lakini macho husema uongo kwa urahisi kuliko mabega. Yule mama wa mkanda wa kahawia, nilipojifunza kumtazama usoni, alibadili mtego: alikuwa akitupa jicho kwenye goti langu, nami nikishusha mkono kujikinga, ngumi inatua kwenye shavu. Na jambo hilo lina upande wake wa pili ambao sijasikia ukizungumzwa sana. Macho yako nawe yanasomwa. Anayetazama mbavu kabla ya kupiga mbavu amekwisha kutoa taarifa, lakini aliyeyatuliza macho mahali pamoja tangu mwanzo hadi mwisho hana cha kusomwa.

Hata hivyo, sipendi jibu hili lichukuliwe kama sheria moja kwa michezo yote, maana kanuni za mchezo husogeza kituo cha macho. Katika taekwondo ya mashindano ngumi ya kichwa hairuhusiwi, ila teke la kichwa linaruhusiwa na lina alama nyingi kuliko ngumi ya kiwiliwili, kwa hiyo hatari kubwa hutoka chini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 uliwalinganisha wanamichezo wa taekwondo na wale wa qwan ki do (mchezo wa kupigana wenye asili ya Vietnam), ambao hushambulia kwa mikono na miguu, ukaona kwamba wale wa taekwondo huyaweka macho chini zaidi. Tafiti za karate za miaka ya nyuma nazo zilikuta wazoefu wakiyatuliza macho kichwani na kifuani kwa wapinzani wao. Nilipohamia kwa wanandondi nililazimika kuyapandisha kidogo, karibu na kidevu, kwa kuwa huko hakuna teke la kungojea. Kwa judo sina mengi: mkishashikana kola, mikono huona kuliko macho.

Umbali nao una neno, na mimi naona ndio unaosahauliwa zaidi. Tukiwa mita 2, kutoka kifuani kwa mpinzani bado naona miguu yake yote miwili kwa chini. Tukikaribiana hadi nusu mita, miguu imekwisha kuingia kwenye ukingo wa kuona, na mikono yangu mwenyewe iliyoinuliwa kujikinga imeiziba kabisa. Hapo hakuna pa kuweka macho patakapokuokoa na goti au na teke la chini. Dawa ni kumkumbatia au kutoka. Nimewaona vijana wakibadilisha mahali pa kutazama wiki hadi wiki, wakidhani tatizo ni macho, kumbe wanasimama karibu mno.

Kuhusu kupepesa, hilo ni zoezi tu. Mwambie mwenzako akuguseguse paji la uso na glavu, taratibu, mara mia, hadi kope ziache kufunga dirisha kila glavu inaposogea. Wengi wanaodhani hawaoni pigo, huwa wamelifumbia macho.

Palipobaki pananishinda ni kwa wapiganaji wa mkono wa kushoto. Ukumbini kwetu wapo wawili, na mmoja ni kijana wa kidato cha nne ambaye nimemzidi kila kitu isipokuwa hiki. Kwa sababu anasimama kinyume, mkono wake wa mbele uko mkabala na wangu, glavu kwa glavu, karibu sana na mstari wa macho yangu, nao huyavuta kutoka kifuani kama sumaku. Jumamosi iliyopita niliyarudisha, yakatoroka, nikayarudisha tena, na katika dakika tatu alinipata mara nne kwa mkono uleule wa nyuma ambao najua vizuri kwamba huutumia. Mwalimu ananiambia nisogee nje ya mguu wake wa mbele kabla ya jambo lolote, ili ile glavu itoke mbele ya uso wangu. Jumamosi ijayo nitajaribu hivyo.