Barua kwa Mwanangu Kuhusu Baraza la Uani

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata na nimeisoma mara mbili. Unataka kujua iwapo baraza mnalokusudia kulijenga nyuma ya nyumba mlitandike vitofali vya zege au mlimwagie zege moja kwa moja. Nitakujibu, lakini kuna swali linalotangulia hilo ambalo hukuliuliza: maji ya mvua yatakayoliangukia baraza hilo yataelekea wapi?

Nakuuliza hivyo kwa kuwa nami sikujiuliza. Huenda unaukumbuka ule ukuta wa sebuleni uliokuwa ukibanduka rangi kila mvua zilipokolea, ulipokuwa ungali mdogo. Chanzo chake kilikuwa baraza nililolijenga kwa haraka, nikataka lilingane na sakafu ya ndani ili mlango usiwe na kipandio, na fundi akalilaza sawasawa kabisa bila mteremko wowote. Maji yakawa yanatuama kando ya ukuta, unyevu ukapanda ndani ya tofali, lipu ikavimba, na hatimaye tulilazimika kulivunja baraza zima. Sipendi yakukute hayo.

Kwa hiyo, kwanza tafuta lilipo tabaka la kuzuia unyevu katika ukuta wa nyumba, ambalo aghalabu huwa karibu na usawa wa sakafu ya ndani, kisha uhakikishe kwamba uso wa baraza unakaa angalau sentimita 15 chini yake. Kutoka ukutani, uso huo ushuke kati ya sentimita 1.5 na 2 kwa kila mita moja. Ikiwa baraza lina upana wa mita 4, ukingo wake wa mbali utakuwa chini kwa sentimita 6 hadi 8, tofauti ambayo mtu akitembea haihisi, lakini maji huifuata. Na yakifika ukingoni yapate pa kwenda, ama kwenye bustani inayoweza kuyanywa ama kwenye mfereji uliojazwa kokoto, wala yasiishie kwa jirani.

Kuhusu ukubwa, usiamini mchoro peke yake. Chukua vigingi na kamba, uweke alama ardhini, kisha utoe meza na viti mkae hapo kwa siku kadhaa, asubuhi na jioni. Mtaona jua linapowachoma, upepo unapotokea, na jinsi mnavyoonekana kutoka nje. Mtagundua pia kwamba watu husahau kukihesabia nafasi kiti kinaposogezwa nyuma: acha karibu sentimita 90 kuzunguka meza ili mtu aweze kuinuka na mwingine apite. Kwa meza ya watu sita, mita 3 kwa 3 ni kiasi cha chini, na mkiweza kuongeza, ongezeni.

Kabla ya jembe la kwanza, ulizia mabomba ya maji, nyaya za umeme na shimo la maji machafu vilikopita. Na ikiwa pana mti mkubwa karibu, lisogezeni baraza mbali nao badala ya kuukata mizizi. Mti uliokatwa mizizi upande mmoja unaweza kuanguka.

Sasa nije kwenye swali lako. Kwa uani kwenu, ambako umesema bomba la maji linapita chini, mimi ningechagua vitofali, kwa sababu siku bomba likivuja mtaving'oa vichache, mtengeneze, kisha mvirudishe vilevile. Zege hupendeza na huoshwa kwa urahisi, ila ikipasuka kiraka chake huonekana daima. Mkiamua zege, iwe na unene wa sentimita 10, ikatwe viungo, yaani mistari ya kuigawa, kila baada ya mita 2.5 hivi ili nyufa zifuate mahali mlipozipangia, na imwagiliwe maji kwa siku 7 bila kuachwa ikauke. Uso wake usisuguliwe ukawa laini kama wa chumbani, kwani ukilowa utateleza.

Kwa vitofali, kazi kubwa ni ile isiyoonekana. Ondoeni udongo wote wa juu wenye mizizi, wekeni kokoto zenye unene wa sentimita 10 baada ya kushindiliwa, kisha mchanga wa sentimita 3 uliosawazishwa, ndipo vitofali vya sentimita 6 vifuate. Jumla ni sentimita 19 chini ya uso unaoutaka, na mkikuta udongo wa mfinyanzi unaovimba ukilowa, chimbeni zaidi na kuongeza kokoto. Kingo zote zishikwe kwa zege, maana vitofali visiposhikwa kandoni husogea na kuachana. Fundi akikuambia kwamba kushindilia si lazima kwa kuwa ardhi ni ngumu, usikubali.

Pima kwanza urefu kutoka kizingiti cha mlango hadi ardhi ilivyo sasa, halafu kutoka hapo hadi mwisho wa uani, kwa kutumia kamba na pima maji. Niandikie vipimo hivyo viwili, tukadirie pamoja kipandio kitakuwa na kimo gani.

Mimi baba yako