Eko imeshapigwa, MRI ya nini tena?

SWALI: Shikamoo dokta. Mzee wangu alimaliza dawa za TB mwaka jana, baadaye miguu ikaanza kuvimba na tumbo kujaa maji, tukahangaika na ini weee, mwisho eko (ultrasound ya moyo) ikaonyesha shida iko kwenye utando wa nje wa moyo. Sasa wanataka apige MRI (picha ya mashine ya sumaku) na bei yake si mchezo. Kwani eko si imeshaona?
Msomaji, Mwanza

JIBU: Marahaba. Kwenye ini hamjapotea peke yenu, huu ugonjwa ndo unavyodanganya watu, na huku kwetu chanzo kikubwa ni hiyohiyo TB. Moyo umekaa ndani ya kimfuko chembamba, ndo huo utando, kama milimita 1 au 2 hivi, TB ikikishika kinavimba, kikikaa hivyo muda mrefu kinaweza kukakamaa, moyo unashindwa kutanuka kupokea damu, basi damu inarudi nyuma inajazana kwenye ini na maji yanatuama tumboni na miguuni.

Eko ndo ya kuanza nayo, inaona moyo unavyopiga na maji yaliyouzunguka, ila utando wenyewe haiuoni vizuri. MRI inapima unene, ukifika milimita 4 tunaanza kushtuka, lakini msishikilie unene tu maana wapo wenye utando mwembamba kabisa na moyo umebanwa vilevile. Mimi ninachokitafuta pale ni kingine: anachomwa dawa inaitwa gadoliniamu kwenye mshipa, utando ukiwaka sana kwenye picha maana yake uvimbe bado mbichi, na hapo dawa za kutuliza uvimbe zinaweza kuulegeza bila kisu. Usipowaka na moyo umebanwa, hilo mara nyingi ni kovu gumu, dawa hazifui dafu, stori inakuwa ya kuutoa huo utando kwa upasuaji. Na ni upasuaji mzito, ndo maana hiyo hela naona ina kazi. Chokaa iliyoganda kwenye utando tu ndo MRI haiioni vizuri, hiyo waachie CT scan.

Kabla hajaenda, figo zipimwe kwa sababu ya gadoliniamu, na kama ana betri ya moyo au chuma chochote mwilini semeni mapema. Lile bomba la MRI analoingizwa linagonga kama mafundi bati, karibu saa nzima, atapewa vya kuziba masikio. Akiwa hawezi kulala chali kwa kukosa pumzi mwambieni daktari wake, maji yapunguzwe kwanza kwa dawa za kukojoza.