Usitie nyanya kabla nyama haijakauka maji

Usifunike hiyo sufuria. Umeandika kwamba kesho jioni utatia kilo nzima ya nyama ya kusaga, nyanya ya kopo na vikombe viwili vya maji kwa mkupuo mmoja, ufunike, kisha uendelee na shughuli nyingine kwa nusu saa hadi wakati wa kuipakua nyama ndani ya mikate ya baga. Nilifanya hivyo hivyo, na hadi leo watoto wangu wanakiita chakula kile "supu ya baba".

Aliyenipotosha ni mpishi mmoja wa kwenye video, aliyesema kwa kujiamini kabisa kwamba kukaanga nyama kwanza ni mbwembwe za watu wasio na kazi. Alipofika mahali pa kufunua sufuria, picha ilikatwa, na iliporudi nyama ilikuwa ya kahawia, nzito na yenye kung'aa. Sikujiuliza ni nini kilichotokea hapo katikati. Yeye alikuwa na mkasi wa kukatia video. Mimi nilikuwa na mwiko tu.

Nilipofunua ya kwangu nilikuta mabonge ya kijivu yakielea katika maji mekundu, na juu yake utando wa mafuta. Zaidi ya nusu ya uzito wa nyama mbichi ni maji, nayo huyaachia mara ipatapo moto. Maadamu maji hayo yamo, joto la chakula halipandi zaidi ya nyuzi 100, ilhali nyama huhitaji joto la juu zaidi, karibu nyuzi 140, ndipo igeuke kahawia na kutoa ile harufu inayowaita watu jikoni bila kuitwa. Ukiongeza vikombe viwili vya maji na mfuniko unaorudisha mvuke chini, hukaangi chochote, unachemsha. Isitoshe, uchachu wa nyanya huzuia vitunguu kulainika, kwa hiyo vyangu vilikuwa bado vikilia mdomoni baada ya dakika 40 za moto.

Hapo ndipo nilipofanya kosa juu ya kosa: nilimwaga vijiko vitatu vya unga wa ngano mkavu moja kwa moja ndani ya mchuzi unaochemka, nikitumaini utakuwa mzito. Nikapata mabonge ya unga kando ya mabonge ya nyama, ambayo ungeweza kuyatofautisha kwa meno tu. Mtoto wa kwanza aliponyanyua mkate wake, nusu ya juu ilipanda naye na nusu ya chini ikabaki kwenye sahani. Mama mkwe, ambaye hasemi neno baya mezani, aliomba bakuli na kijiko. Kwa kujitetea niseme kwamba hakuna aliyelala njaa.

Sasa sikiliza, maana hili ndilo nililolilipia kwa kilo nzima ya nyama: nyanya isiiguse sufuria kabla nyama haijakauka maji. Tumia kikaango kipana, moto mkali, na hiyo kilo uigawe mara mbili, kwa sababu nyama ikijazana hujichemsha yenyewe hata usipotia tone la maji. Itandaze, iache dakika mbili au tatu bila kuigusa, ndipo uivunjevunje kwa mwiko. Sikio litakuambia kabla ya jicho: mwanzoni utasikia maji yakitokota, kisha sauti itabadilika na kuwa mlio mkali wa mafuta yanayokaanga. Usikatishwe tamaa na zile dakika za katikati ambapo nyama huonekana kama imeharibika. Mimi hapo ndipo ninapoondoka karibu na nyanya ili mkono usinishawishi.

Nyama ikishakuwa kahawia, punguza mafuta yaliyozidi, kaanga vitunguu na pilipili hoho humo humo hadi vilainike, halafu tia vijiko vitatu vya nyanya nzito ya kopo na nusu kikombe cha maji, si vikombe viwili. Kwangua yale yaliyoshika chini, kwa kuwa ladha yote imelala hapo. Siki, sukari na haradali tia kijiko kimoja kimoja, kisha uonje. Acha mchuzi uchemke polepole kwa dakika 10 hadi 15, wazi, nasema tena wazi, mpaka ukipitisha mwiko katikati ya kikaango njia yake ibaki kidogo kabla ya mchuzi kurudi kuifunika.

Kuhusu mkate uliouliza, chukua wowote, ila upande wa ndani uuchome kidogo kwa siagi, na usiujaze nyama hadi watu wawe wameketi. Dakika zote hizi hazifiki zile 40 nilizozitumia kutengeneza supu.