Matangazo yanapotea kila nikisasisha kiolezo cha blogu

SWALI: Habari mtaalamu. Nina blogu ya kilimo ya Kiswahili kwenye WordPress. Nilinunua kiolezo (theme) cha kulipia pale ThemeForest, soko la violezo mtandaoni. Mwanzo kilikataa kupakiwa, kikadai style.css (faili la mwonekano) haipo, mpaka fundi akanisaidia. Msimbo wa AdSense, huduma ya matangazo ya Google, niliubandika ndani ya header.php, faili la sehemu ya juu ya kurasa, lakini kila nikisasisha kiolezo matangazo yanapotea. Wasomaji nao wanalalamika kuwa kurasa zinarukaruka kwenye simu. Je, kiolezo hichohicho naweza kukitumia kwa blogu ya pili, ya mifugo? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu yetu, WordPress inaposasisha kiolezo hufuta folda yake nzima na kuweka mpya. Chochote ulichoandika ndani ya header.php kinaondoka na ile ya zamani. Usiache kusasisha ili kuyaokoa matangazo, maana matoleo mapya ndiyo yanayoziba matundu ya usalama.

Dawa yake ni kiolezo mtoto, yaani kiolezo kidogo kinachomtegemea mama lakini hakiguswi mama anaposasishwa. Kitafute kwanza kwenye kifurushi ulichonunua, kwani waundaji wengi hukiweka humo tayari. Kama hakimo, tengeneza folda mpya ndani ya wp-content/themes, uweke style.css yenye mistari hii:

/*
Theme Name: Shamba Mtoto
Template: shambani
*/

Kwenye Template ndipo wengi hukwama. Linalotakiwa ni jina la folda ya kiolezo mama, herufi kwa herufi, si jina la biashara unaloliona kwenye dashibodi; «shambani» hapo juu ni mfano tu. Ukilikosea, utaambiwa kiolezo mama hakipo. Kisha ongeza functions.php, faili la msimbo wa ziada wa kiolezo:

<?php
add_action( 'wp_head', function () { ?>
<!-- bandika msimbo wa AdSense hapa -->
<?php } );

Usinakili header.php yote kwa mtoto. Nakala hiyo itabaki ya kale huku ya mama ikirekebishwa. Ukishawasha kiolezo mtoto, menyu na nembo zinaweza kutoweka, kwa kuwa WordPress hutunza mipangilio hiyo kwa kila kiolezo peke yake. Zipange upya. Kurasa zikitokea bila rangi wala mpangilio, ujue CSS (maelekezo ya mwonekano) ya mama haijaitwa. Hapo mwombe muundaji kiolezo mtoto chake.

Msimbo wa AdSense ukae mahali pamoja tu. Ukiwa kwenye functions.php, uondoe kwenye paneli ya matangazo ya kiolezo na kwenye programu-jalizi (plugin) yoyote.

Kurukaruka ndiko kunakokuumiza zaidi. Tangazo huchelewa kufika kuliko maandishi; likifika, linasukuma aya chini, na msomaji aliyekuwa anagusa kiungo anajikuta amegusa tangazo. Google hukata mapato ya miguso ya bahati mbaya. Kipimo cha mruko huo huitwa CLS, na kinatakiwa kisizidi 0.1. Litengee tangazo nafasi yake mapema: liweke ndani ya div (kisanduku cha HTML) yenye min-height: 250px kama ni la pikseli 300 kwa 250, au 280px kama juu yake umeandika neno «Tangazo». La kwanza liweke baada ya aya ya pili au ya tatu, si juu ya kichwa cha habari. Ile slaidi kubwa ya picha inayokuja na mfano wa kiolezo iondoe kabisa: inakula bando la msomaji kabla hajasoma neno.

Kuhusu style.css, kifurushi kizima cha ThemeForest huwa na maelekezo na vitu vingine. Kiolezo chenyewe ni zip ndogo iliyomo ndani. Hiyo ndogo ndiyo ya kupakia. Ikikataliwa kwa ukubwa, waombe wanaokuhifadhia tovuti wapandishe kikomo cha upakiaji, upload_max_filesize, hadi 64M.

Blogu ya pili inahitaji leseni ya pili, kwani ile ya kawaida ni ya tovuti moja. Usishawishike na nakala za bure za mitaani. Virusi vya WP-VCD vilisambaa kwa njia hiyohiyo; ukikuta wp-vcd.php ndani ya wp-includes, tovuti imeshaingiliwa. Ningekuwa wewe, mifugo ningeifanya kategoria ndani ya blogu uliyonayo, wasomaji wakusanyike mahali pamoja. Ukitaka kutenganisha, anza na kiolezo cha GeneratePress cha bure. Tovuti hiyo mpya itaombewa kibali chake AdSense, na iwe na ads.txt yake (faili linalotaja wanaoruhusiwa kuuza matangazo ya tovuti) kwenye folda kuu, ilipo wp-config.php:

google.com, pub-0000000000000000, DIRECT, f08c47fec0942fa0

Sifuri hizo weka namba zako. Ukimaliza, futa kache, toka kwenye akaunti yako, kisha fungua ukurasa kwa simu ukitumia data ya mtandao badala ya Wi-Fi, uone anachokiona msomaji wako.