Jirani anavunja zege, wewe umetoka zamu ya usiku

Pole dada. Unatoka kazini asubuhi, unajilaza, na jirani ndo kwanza anaanza kuvunja zege la njia ya gari aweke pevingi, vile vitofali vya kupanga chini! Yalinikuta mwaka jana. Nenda kwa fundi mwenyewe, umuulize leo ni kuvunja, kushindilia ardhi kwa mashine au kukata vitofali. Kuvunja ndiko kubaya, ila kwa njia fupi ya nyumbani ni siku moja mbili. Mimi nilihamia kwa shangazi. Kushindilia kunatikisa hadi vikombe kabatini, lakini kunakuja na kukatika. Grainda ya kukatia vitofali vya pembeni ndiyo inayotoboa kichwa. Mwombe avikusanye avikate jioni, ukiwa umeshaamka. Wangu alikubali, soda baridi tu ilitosha. Vizibo vya masikio vya sponji vinasaidia ukivivaa sawasawa: kisokote kiwe chembamba, vuta sikio juu, ingiza, shikilia kwa kidole mpaka kitanuke. Funga na madirisha ya upande ule, vumbi la zege si la kuchezea. Wakigonga mpaka usiku, hapo sasa kwa mjumbe.