Wawili mnaochana: muunde kundi au msiunde? Watazameni FA na AY

Dogo, umeuliza kama wewe na rafiki yako mnayechana naye, yaani kurap, muanzishe kundi au kila mtu asimame na jina lake, maana kila kundi la watu wawili unalolijua liliishia kwenye ugomvi wa hela. Wengi hapo juu wamekujibu kwamba urafiki na muziki haviwezekani pamoja. Mimi nakataa, na mfano wangu ni Mwana FA na AY, marapa wawili wa Bongo.

Nilianza kuwafuatilia kwa shingo upande. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mimi nilikuwa Temeke, Dar es Salaam, nachana, na kwetu ukitaja East Coast Team, kundi lao la rap, unatazamwa vibaya. Wale walikuwa watu wa Upanga, sisi tukiwaita mabishoo. Ndani ya East Coast kulikuwa na rapa GK, kulikuwa na FA mtoto wa Tanga, na kulikuwa na AY aliyetokea Morogoro, ambako alianzia kundi la S.O.G. Kanda yao nilikuwa naisikiliza usiku, sauti chini, mchana naungana na wenzangu kuiponda. Ujana huo.

Walipotoka East Coast watu tulitegemea waunde kundi jipya la wawili, wachapishe jina kwenye fulana, mambo yaende. Hawakuunda. FA akabaki FA, AY akabaki AY. Mmoja ana wimbo wake "Bado Nipo Nipo", mwingine ana albamu yake "Hisia Zangu". Wakitaka kukutana wanakutana, na mwaka 2008 wakatoa albamu nzima ya pamoja, "Habari Ndio Hiyo", majina yao mawili juu ya kava na si zaidi ya hapo. Baadaye wakarudi tena na wimbo "Bila Kukunja Goti", wakamwita mwanamuziki J. Martins wa Nigeria. Katikati hapo kila mtu alikuwa na shughuli zake.

Hapo ndipo ninapoona siri yao. Hawakuwa na kitu cha kugombea kinachoitwa "kundi". Sisi tulikuwa nacho. Mimi na mwenzangu tulikuwa na jina moja, hivyo promota akitaka shoo anampigia mmoja tu, na kwa kuwa simu alikuwa nayo mwenzangu, ndiye aliyepigiwa. Tukaenda mkoani kwa hela ya kutangulizia ambayo kiasi chake mimi sikukijua. Baada ya shoo promota akayeyuka. Tumekaa gesti, asubuhi mhudumu anagonga anataka chumba chake, na sisi tunaulizana nani kala nini. Kwenye basi la kurudi alikaa mbele, mimi nikakaa nyuma kabisa kwenye viti vinavyovumiwa na injini. Hatukuwa tumegombana hata kidogo kuhusu mistari. Jina moja, mfuko mmoja, mshika mfuko mmoja, basi.

Sasa wasikilize hawa wawili kwenye ngoma. FA anajaza. Mstari wake unaanza huku unaishia kule, ndani kaficha mzaha na kijembe, na lazima urudie ndipo umpate. Si bure jina lenyewe, FA, lilitoka kwenye neno falsafa. AY anachana kwa maneno machache, anayaweka palepale ngoma inapopiga, na kiitikio chake unakishika kabla wimbo haujaisha. Wakamwita Mzee wa Commercial, na wengine walilisema kwa kejeli, ila ukweli ni kwamba bila mtu kama huyo ngoma nyingi za mafundi wa mistari zinabaki kusikilizwa na mafundi wenzao. Hakuna anayejaribu kumfunika mwenzake, kwa sababu kila mmoja anafanya asichokifanya mwingine. Kwa hiyo dogo, swali langu kwako: wewe na rafiki yako mnachana tofauti? Kama mnafanana, hiyo ndiyo shida yenu ya kwanza, hela itakuja baadaye.

Na hela wao hawakuikimbia. Nyimbo zao mbili, "Usije Mjini" na "Dakika Moja", zilitumika kama miito ya simu bila makubaliano nao, wakaenda mahakamani pamoja. Mwaka 2016 mahakama ya Ilala iliamua walipwe zaidi ya shilingi bilioni 2, na kampuni iliyozitumia ikakata rufaa. Kesi ya namna hiyo inachosha kuliko kurekodi albamu. Watu wanaotiliana shaka hawaimalizi hata hatua ya kwanza, maana mmoja angeitwa pembeni akapewa chake akanyamaza.

Maisha nayo yamewapeleka njia tofauti. FA, au Binamu kama wengi tunavyomwita, mwaka 2020 alichaguliwa kuwa mbunge wa Muheza, na 2023 akateuliwa Naibu Waziri wa Utamaduni, Sanaa na Michezo. AY hakumfuata kwenye siasa. Kama wangekuwa kundi, siku ile ya kugombea ubunge kundi lingekufa na magazeti yangeandika "wavunjika". Kwa kuwa hakukuwa na kundi, hakukuwa na cha kuvunjika.

Nikushauri, basi: msiunde kundi. Kila ngoma iwe na mwenyewe, mwingine aalikwe. Ile mnayoiandika wote, mkubaliane mgawo siku hiyohiyo mkiwa bado studio, muuandike na kusaini wote wawili, halafu mkaisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kwa majina yenu yote mawili. Promota akipiga simu, namba ziwe mbili na hela ya kutangulizia iingie kwa kila mtu kivyake. Rafiki yako akikasirika kwa sababu umemletea karatasi ya kusaini, afadhali akasirike sasa mkiwa hamna hata shoo moja.

Kama demo ipo tayari itupieni humu tuisikilize. Ila kwanza mtuambie, kiitikio kaandika nani?