Je, Kapteni Mantell alitunguliwa?

SWALI: Nasikia rubani Thomas Mantell wa Marekani aliangushwa na chombo cha sayari nyingine mwaka 1948. Ni kweli?

JIBU: Hapana, alikosa hewa. Januari 7 alikifukuza kitu cheupe juu ya Kentucky kwa ndege ya F-51 Mustang, bila mtungi wa oksijeni. Ukipita mita 4,500 hivi, kucha na midomo huanza kugeuka buluu na akili hulewa. Hatari kubwa ni kwamba rubani hujiona mzima kabisa. Marubani wenzake Mantell waligeuza kurudi. Yeye akazidi kupanda, akazimia, ndege ikaporomoka karibu na Franklin. Jeshi kwanza lilisema kitu alichokifukuza ni sayari ya Zuhura, kosa lililochochea uvumi. Maelezo yenye nguvu zaidi ni kwamba kilikuwa puto la Skyhook, puto la utafiti wa anga ya juu la jeshi la majini, lenye upana wa mita 30 hivi, siri ambayo marubani hawakuijua.